Kutafiti ujasiriamali na ubunifu vyuoni: mwongozo kamili kuanzia swali hadi ripoti

Tasnifu nyingi za uzamili kuhusu ujasiriamali wa wanafunzi zinapita njia moja. Mtafiti anaingia darasani, anagawa dodoso lenye sentensi kama "Nimedhamiria kuanzisha biashara yangu nikimaliza chuo", wanafunzi wanaweka alama kati ya 1 na 5, wastani unatoka mkubwa, na hitimisho linasema somo la ujasiriamali lina mchango chanya. Shahada inatoka. Lakini hakuna anayejua kama hata mmoja wa waliojibu aliwahi kuuza kitu.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kufanya kazi nzito kuliko hiyo: mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, mhadhiri kijana, au mtu anayeendesha kiatamizi cha chuo (kituo cha kulea biashara changa) na anataka kujua jitihada zake zinazaa nini. Mifano mingi nimeichukua katika vyuo vya Tanzania. Msomaji wa Nairobi, Kampala au Kigali atabadilisha majina ya ofisi, na hatua zitabaki zilezile. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: pima kwanza watu wanachofanya, ndipo uulize wanachokusudia.

1. Anza na swali dogo linalojibika

"Mchango wa vyuo vikuu katika kukuza ujasiriamali na ubunifu nchini Tanzania" ni mada ya kongamano. Mtu mmoja mwenye miezi sita na fedha kidogo hawezi kuijibu. Ili upate swali la utafiti, jiulize: ni nani hasa, anafanya nini, wapi, na katika kipindi gani?

Uwanja huu una sehemu kadhaa ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni mwanafunzi anayefanya biashara akiwa bado anasoma: anayeuza nguo kwa status ya WhatsApp, anayesuka nywele bwenini, wakala wa fedha za simu, mwenye steshenari karibu na geti, mpiga picha za mahafali. Ya pili ni somo la ujasiriamali lenyewe na kile linachobadilisha kwa aliyelisoma. Ya tatu ni uvumbuzi unaotoka maabara kwenda sokoni. Ya nne ni chuo kama taasisi: sera yake ya haki miliki, kiatamizi chake, namna kinavyompandisha cheo mhadhiri, na kama muda anaoutumia kuhangaika na kampuni changa unahesabiwa popote. Chagua moja. Ukichagua mbili, uwe na sababu inayoziunganisha.

Angalia jinsi swali linavyobadilika likikazwa. Badala ya "Je, somo la ujasiriamali linawasaidia wahitimu?", uliza: "Kati ya wahitimu wa shahada ya kilimo wa miaka mitatu iliyopita waliopita kwenye kiatamizi cha chuo chao, wangapi wanaendesha shughuli inayowaingizia kipato leo, na wanatofautianaje na walioomba nafasi wakakosa?" Swali la pili linakuambia tayari nani wa kumtafuta, orodha ipi ya kuomba, na nani wa kulinganisha naye. Swali lisilokuambia hayo bado halijaiva, hata kama msimamizi amelipitisha.

2. Soma kazi tangulizi ukitafuta mahali zinapopingana

Mapitio ya kazi tangulizi yasiwe orodha ya "fulani alisema hivi, fulani akasema vile". Tafuta ugomvi uliomo ndani ya uwanja, kwa sababu humo ndimo utafiti wako utakapopata nafasi.

Ugomvi mkubwa ni kati ya nia na tendo. Tafiti nyingi za wanafunzi zinasimama juu ya nadharia ya Icek Ajzen ya mwaka 1991, inayosema kwamba tendo la makusudi hutanguliwa na nia, na nia hujengwa na vitu vitatu: mtazamo wa mtu juu ya tendo hilo, msukumo wa watu wanaomzunguka, na imani yake kwamba analiweza. Mwaka 2009 Francisco Liñán na Yi-Wen Chen walichapisha dodoso la nia ya ujasiriamali lililojaribiwa Hispania na Taiwan, na hilo ndilo linalonakiliwa katika tasnifu nyingi. Ni dodoso zuri. Tatizo ni kuishia hapo. Kautonen, van Gelderen na Fink, katika utafiti wao wa mwaka 2015 uliofanyika Austria na Finland, waliwarudia watu baadaye ili waone nani aliingia kweli kwenye biashara. Vile vitu vitatu vilieleza asilimia 59 ya tofauti za nia, lakini nia pamoja na imani ya kuweza vilieleza asilimia 31 tu ya tofauti za tendo. Na hizo ni nchi ambazo kijana mwenye wazo hupata benki, umeme na mkataba bila hangaiko kubwa. Kwetu pengo hilo linahitaji kupimwa, na mtafiti wa hapa ndiye anayefaa kulipima.

Ugomvi wa pili ni kama somo la ujasiriamali linafanya kazi yoyote. Oosterbeek, van Praag na Ijsselstein walichunguza programu ya kampuni za wanafunzi katika chuo kimoja cha Uholanzi kilichoitoa kwenye kampasi moja na si nyingine. Matokeo yao ya mwaka 2010 yalishangaza wengi: ujuzi wa kijasiriamali haukuongezeka kwa kiasi kinachopimika, na nia ya kuanzisha biashara ilishuka. Huenda vijana waliielewa biashara vizuri zaidi wakaona haiwafai, na hilo si hasara kwao. Nchini Tunisia, wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliruhusiwa kumaliza shahada kwa kuandika mchanganuo wa biashara badala ya tasnifu ya kawaida, na walioingia kwenye mpango huo walipatikana kwa bahati nasibu. Utafiti wa Premand na wenzake uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kujiajiri kumeongezeka kidogo, huku kiwango cha jumla cha kuwa na kazi kikiwa hakikubadilika. Maana yake baadhi ya waliojiajiri wangepata kazi hata hivyo. Tafiti hizi mbili zisomwe na kila anayeandika "mchango chanya" kwenye hitimisho lake.

Ukichagua kuandika juu ya taasisi, utakutana na Burton Clark, aliyechunguza vyuo vitano vya Ulaya na kutoa matokeo yake mwaka 1998, na nadharia ya Etzkowitz na Leydesdorff inayounganisha chuo, viwanda na serikali. Zisome kwa makini, kisha uulize kama zinatosha hapa. Mfumo wa hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) wa vyuo vya Marekani ulikua baada ya sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980, iliyoruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali kuu. Vyuo vyetu vimekua kwa njia nyingine. Shirika la maendeleo la Sweden, Sida, lilianza kufadhili utafiti Tanzania miaka ya 1970, na mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu uligharamiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, dola milioni 425. Mfadhili ni mhusika kamili, mwenye masharti yake na kalenda yake ya ripoti, na mchoro wa nadharia usiokuwa naye utakuacha na maswali usiyoweza kuyajibu.

Machapisho yanapatikana bila fedha nyingi. Anza na Google Scholar, kisha African Journals Online kwa majarida ya bara hili. Muulize mkutubi kama chuo chako kimejiunga na Research4Life, inayofungua majarida mengi ya kulipia kwa nchi zetu; wanafunzi wengi wanamaliza shahada bila kujua. Marejeo yahifadhi kwenye Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo, kuanzia siku ya kwanza.

3. Amua nini kitahesabiwa

Hapa ndipo tafiti nyingi zinapoharibika kimyakimya. Kama hujaamua nini ni biashara na nini ni ubunifu, kila aliyejibu ataamua mwenyewe, nawe utajumlisha vitu visivyojumlishika.

Kwa ubunifu, mwongozo wa kimataifa wa upimaji unaoitwa Oslo Manual, toleo la mwaka 2018, unatoa sharti muhimu: bidhaa au mchakato uwe mpya au ulioboreshwa, utofautiane wazi na uliokuwepo, na uwe umefanywa upatikane kwa watumiaji watarajiwa au umeanza kutumika. Kwa kipimo hicho, mfano wa mashine uliosimama kwenye meza ya maonyesho ya MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, hata ukishinda, bado haujawa ubunifu mpaka uwe unapatikana kwa watumiaji au umeanza kutumika. Si kuidharau kazi ya kijana huyo. Ni kutenganisha hatua mbili ili uweze kuuliza kwa nini wengi wanafika ya kwanza na hawafiki ya pili.

Kwa biashara, usitumie usajili kama kigezo pekee. Wanafunzi wengi wanaouza kila siku hawana jina BRELA, wakala wa usajili wa biashara, wala namba ya mlipa kodi TRA, na ukiwaacha nje utabaki na kikundi kidogo cha watu wasiofanana na wenzao. Kigezo kinachofaa ni tendo na muda: ameuza bidhaa au huduma na kulipwa ndani ya siku 30 zilizopita, na anafanya hivyo kwa niaba yake mwenyewe. Usajili, kuajiri mtu mwingine na kutunza kumbukumbu vipimwe kando kama ngazi za ukuaji. Na usisahau ushirika: SUGECO ya pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni ushirika wa wahitimu wajasiriamali, na dodoso linalouliza tu "kampuni yako" linaweza kuwapita watu wa namna hiyo.

4. Tafuta orodha kabla ya kukokotoa sampuli

Watu wanapenda fomula ya Yamane kwa sababu ni rahisi: gawa idadi ya watu kwa moja ukijumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unalolikubali. Chukua wanafunzi 1,200 na kosa la asilimia 5. Zidisha 1,200 kwa 0.0025, unapata 3. Ongeza 1, inakuwa 4. Gawa 1,200 kwa 4, unapata 300. Msimamizi anaridhika na sura ya tatu inakwisha.

Lakini tuseme mwanafunzi mmoja kati ya kumi ndiye anayefanya biashara. Katika watu wako 300 utakuwa na wafanyabiashara 30. Watenganishe wanawake na wanaume, kisha mwaka wa kwanza na wa tatu, na kila kundi litabaki na watu saba au wanane, ambao hawawezi kubeba hitimisho lolote. Fomula ile inafaa kukadiria uwiano kwa watu wote. Haikuhakikishii idadi ya kutosha ya wale unaotaka kuwachambua.

Dawa yake ni kuchukua sampuli kwa hatua mbili. Kwanza sambaza dodoso fupi la maswali matano kwa watu wengi iwezekanavyo, lenye kazi moja tu ya kutambua nani anafanya biashara. Kisha wape dodoso refu wote wenye biashara, pamoja na sehemu ya wasio nayo iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Andika uwiano uliotumia katika kila kundi, maana utauhitaji wakati wa kukadiria hali ya chuo kizima.

Kama unachunguza kiatamizi, omba orodha ya walioomba nafasi, si ya walioingia tu. Ofisi itakupa kwa furaha majina ya waliofanikiwa, ambao picha zao ziko kwenye mabango. Ukiwahoji hao peke yao utajifunza kwamba waliofanikiwa walikuwa na bidii, walijituma na walipata ushauri, na hutajua kama walioshindwa nao walikuwa na hayo yote. Watafute walioacha katikati. Watafute waliokosa nafasi kwa alama chache, kwa sababu wanafanana sana na waliopata kwa alama chache, na kuwalinganisha kunakukaribia ukweli kuliko kulinganisha washiriki na darasa zima. Mara nyingi watakuwa wachache. Basi wachukue wote, na uwahoji kwa kina.

Wahitimu ni wagumu kuwapata. Ofisi ya wahitimu ya chuo huwa na barua pepe ambazo nyingi zimekufa. Aliyekuwa CR (mwakilishi) wa darasa ndiye mwenye mawasiliano ya kweli, na kundi la WhatsApp la mwaka wa tatu mara nyingi bado liko hai.

5. Vibali na heshima kwa unaowahoji

Anza mapema. Mwanafunzi wa chuo cha Tanzania hupata barua ya utafiti kupitia chuo chake, na barua hiyo humfungulia mlango wa ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa na taasisi atakazozitembelea. Mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Zanzibar ina utaratibu wake, kwa hiyo barua ya Dar es Salaam pekee isikupe uhakika wa Unguja na Pemba. Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Ukitaka kulinganisha vyuo vya nchi mbili, hesabu vibali viwili na muda wa vyote viwili.

Namba za simu na taarifa za kipato ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume inayoisimamia. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Weka majina kwenye faili moja na majibu kwenye faili lingine, uyaunganishe kwa namba ya siri.

Kuna mambo ya uwanja huu ambayo fomu ya maadili haiyataji. Biashara nyingine za wanafunzi zinavunja kanuni za mabweni: kupika, kuuza vinywaji, kugeuza chumba kuwa saluni. Ukiandika bweni, mwaka na aina ya biashara, msimamizi wa bweni anaweza kumtambua mtu huyo kwa dakika moja. Acha bweni. Pili, kama wewe ndiye mwalimu wa somo la ujasiriamali, usikusanye majibu ya wanafunzi wako mwenyewe kabla matokeo yao hayajatoka. Mpe mwingine kazi hiyo. Mwanafunzi hawezi kumwambia anayesahihisha mtihani wake kwamba somo halikumfaa. Tatu, mvumbuzi akikueleza namna kifaa chake kinavyofanya kazi, usichapishe undani huo kabla hajaamua kuhusu hataza BRELA au ARIPO, shirika la haki miliki la kanda ya Afrika. Kitu kilichokwisha kuwekwa hadharani kinaweza kupoteza sifa ya upya, na sifa hiyo ndiyo msingi wa hataza.

6. Andika dodoso linalouliza matendo

Vipimo vya nia vitumie kama unavihitaji, lakini vitanguliwe na maswali ya matendo, yenye muda na yenye jibu linaloweza kukaguliwa. Haya yanaweza kuwa uti wa mgongo wa dodoso lako:

- Katika siku 30 zilizopita, umeuza bidhaa au huduma yoyote kwa niaba yako mwenyewe ukalipwa?
- Mara ya mwisho kulipwa ilikuwa lini, na mteja alikuwa nani: mwanafunzi mwenzako, mtu wa mtaani, au taasisi?
- Fedha ya kwanza uliyoanzia ilitoka wapi: boom (fedha za kujikimu za mkopo wa elimu ya juu), mzazi au ndugu, akiba, kikoba, mkopo wa simu, shindano, kwingineko?
- Wiki iliyopita ulitumia saa ngapi kwenye shughuli hii?
- Mwezi uliopita, baada ya kutoa gharama, ulibakiwa na kiasi gani? (Weka makundi ya viwango, usidai tarakimu kamili.)
- Kuna mtu unayemlipa kukusaidia?
- Unaandika mauzo mahali popote? Wapi?
- Umewahi kuacha biashara nyingine kabla ya hii? Kwa nini?
- Kuna kitu ulichojifunza darasani ulichokitumia katika shughuli hii? Kitaje.

Swali la mwisho lina thamani kubwa. Mtu akisema somo lilimsaidia "sana" lakini hawezi kutaja kitu kimoja, umepata taarifa ambayo kipimo cha 1 hadi 5 kisingekupa.

Swali la kuacha biashara lisiondolewe hata msimamizi akiona linarefusha dodoso. Nyingi ya biashara za wanafunzi hufa, na sababu za kufa kwake zinafundisha kuliko sababu za kuanza.

Jaribu dodoso kwa watu wachache wasio kwenye sampuli yako. Keti na mmoja mmoja, mwache ajibu huku akisema kwa sauti anachokielewa. Utaona haraka kwamba "mtaji" kwa mmoja ni fedha tu na kwa mwingine ni pamoja na simu anayopigia picha za bidhaa. Mahojiano yafanye kwa Kiswahili hata kama tasnifu itaandikwa kwa Kiingereza, maana huko sokoni wanauza na kukopa kwa Kiswahili. KoboToolbox inakusanya majibu kwenye simu bila mtandao na kuyapeleka ukiupata, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kuchapa madodoso.

7. Fuata njia ya uvumbuzi mmoja mpaka mwisho

Kama unachunguza uvumbuzi wa maabara, dodoso peke yake halitakufikisha. Chukua uvumbuzi mmoja, au michache, uifuate hatua kwa hatua: wazo lilianzia wapi, nani alilipa nini, nani alimiliki nini, lilikwama wapi, nani alinunua wa kwanza.

Mfano ulio wazi kwa umma ni chujio la maji la Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Linaunganisha uchujaji wa mchanga na teknolojia ya nano. Mwaka 2015 lilishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inatolewa, na kampuni yake inaitwa Gongali Model. Ukiiangalia kesi hii kwa macho ya mtafiti, unaona njia isiyofanana na mchoro wa vitabuni: mvumbuzi alisomea uzamivu Korea Kusini, anafundisha Arusha, na fedha ya tuzo ilitoka London. Basi chuo kilichangia nini hasa: maabara, mshahara, jina, muda, au watu? Na kingechangia nini zaidi? Hayo ni maswali ya tasnifu nzima, na yanajibika kwa mahojiano, mikataba, ripoti na barua za zamani.

Unapohoji, mwombe mtu achore mstari wa muda kwenye karatasi kabla hujauliza lolote gumu. Akiwa ameweka matukio kwenye miezi, rudi kwenye nafasi tupu. "Kati ya Machi na Novemba hapa hakuna kitu. Kulikuwa na nini?" Mara nyingi jibu ni kusubiri: cheti cha TBS, sahihi ya mkuu wa idara, malipo ya taasisi iliyonunua kwa ahadi. Kusubiri huko hakumo kwenye nadharia yoyote niliyoitaja, na kinachoua miradi mingi ya vyuo ni hicho. Kisha msikilize mtu wa pili aliyehusika na jambo lilelile, kwa sababu mvumbuzi na ofisi ya chuo hukumbuka mambo mawili tofauti.

8. Panga kalenda ya chuo, si yako

Usikusanye majibu wiki ya UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula. Usikusanye pia wiki boom linapotoka halafu ukalinganisha na mwezi ambao watu wamekauka, kwani mauzo chuoni hupanda na kushuka pamoja na boom. Likizo ya mafunzo kwa vitendo huwatawanya watu mikoani.

Kama muda unaruhusu, rudi kwa watu walewale baada ya miezi 6 au 12. Hata simu ya dakika tano yenye maswali manne itakupa kile ambacho tasnifu nyingi hazina. Chukua namba mbili za kila mtu, yake na ya mtu wa nyumbani asiyebadilisha laini. Utakaowakosa, andika ni akina nani na wanatofautianaje na uliowapata. Wenye biashara iliyokufa ndio huwa wa kwanza kutopokea simu.

9. Chambua bila kudai zaidi ya ulichonacho

Programu za takwimu za R, JASP na jamovi ni za bure na zinatosha. Hakuna sababu ya kutumia SPSS, ambayo ni ya kulipia, iliyovunjwa ulinzi.

Anza na majedwali ya kawaida: wangapi, nani, wanauza nini, muda gani. Kwa vipimo vya nia, angalia alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi maswali ya dodoso yanavyokubaliana), 0.7 na kuendelea ndicho kiwango kinachokubalika kwa kawaida, lakini iangalie kwa data yako mwenyewe hata kama dodoso lilifanya vizuri Hispania. Ukitaka kueleza nani anafanya biashara na nani hafanyi, tumia modeli ya lojistiki, ya majibu ya ndiyo au hapana, na fuata kanuni ya kawaida ya kuwa na angalau matukio kumi kwa kila kigeu (sifa unayoitumia kueleza, kama umri au jinsia): wafanyabiashara 60 wanabeba vigeu sita, si kumi na tano.

Kuna mtego mmoja unaozaa matokeo mazuri ya uongo. Ukimuuliza mtu yuleyule, siku ileile, kwenye karatasi ileile, kuhusu mtazamo wake na nia yake, majibu yatafuatana kwa sababu tu ametoka kuyajibu kwa moyo mmoja. Ndiyo maana nia hutabirika vizuri sana katika tafiti hizi. Njia ya kujikinga ni kupata kipimo cha upande wa pili kutoka chanzo kingine au wakati mwingine: daftari la mauzo, kumbukumbu za kiatamizi, simu ya miezi sita baadaye.

Na kama ulikusanya data mara moja, neno "athari" liondoe kwenye ripoti. Wanafunzi waliochagua somo la ujasiriamali kwa hiari pengine walikuwa na biashara kabla ya kulichagua. Sema "uhusiano", eleza kwa nini unaweza kuwa wa upande wowote, na uendelee. Mtahini mzuri atakuheshimu kwa hilo.

10. Andika, chapisha, rudisha

Sura ya matokeo ianze na jibu la swali lako, kwa sentensi moja au mbili, kabla ya jedwali lolote. Umri na jinsia za waliojibu zinaweza kusubiri ukurasa wa pili.

Kabla ya kutuma makala, kagua jarida. Anayekuandikia barua pepe akikuahidi kuchapisha ndani ya siku tano kwa malipo hana wahakiki. Tazama nani yuko kwenye bodi ya wahariri, soma makala zake mbili tatu, muulize mkutubi. Jarida la chuo cha Afrika Mashariki linalohakiki kwa dhati litakufikishia wasomaji wanaoweza kuitumia kazi yako.

Mwisho, andika kurasa mbili kwa Kiswahili kwa waliokupa muda wao. Ukurasa wa kwanza uwe na matokeo matatu au manne yenye tarakimu; wa pili uwe na mambo ambayo kiatamizi, ofisi ya wanafunzi au mratibu wa somo anaweza kubadilisha muhula ujao bila bajeti mpya: kuruhusu meza za biashara siku fulani kwenye viwanja vya chuo, kufupisha njia ya sahihi, kumwalika aliyefunga biashara aje kufundisha kipindi kimoja. Peleka kwa mkono kwa wenye ofisi, na uitume kwenye lile kundi la WhatsApp ulikowapata wahitimu wako. Fanya hivyo kabla kiatamizi hakijafungua dirisha la maombi ya mwaka unaofuata, wakati fomu ya kuchagua washiriki bado inaweza kurekebishwa.